Vidole Masikioni: Bwana Alivyosema na Kiziwi



Mafundisho ya mwezi huu yanatoka katika Injili ya Marko, mlango wa 7, kuanzia mstari wa 31 hadi wa 37. Kila mmoja afungue Biblia yake nyumbani, asome polepole, maana hapa hatutaandika maneno yote. Tutasimama hasa kwenye mstari wa 33 na wa 34. Mistari hiyo miwili tumeipita mbio miaka mingi katika kanisa letu hapa Naviundu, na mwaka huu tumeona hasara yake.

Tuliipita mbio kwa sababu tulikuwa na haraka ya kufika kwenye muujiza. Sisi ni watu wa unabii na maombezi, tunapenda neno lile Efata. Tumelipaza juu ya vichwa vya wagonjwa mpaka sauti zikakauka. Lakini ninyi wenyewe muangalie Bwana alifanya nini kabla ya kutamka neno hilo. Watu wanamletea kiziwi ambaye hata kusema kwake ni kwa shida, wanamwomba amwekee mkono. Bwana hamwekei mkono pale pale mbele ya watu. Anamshika, anamtenga na makutano, wanakwenda pembeni wawili. Kisha anatia vidole vyake katika masikio ya yule mtu. Anatema mate. Anamgusa ulimi. Anainua macho juu mbinguni. Anaugua, yaani anashusha pumzi nzito. Ndipo sasa anasema.

Wandugu, tuulizane: kwa nini mambo mengi namna hiyo? Yeye aliyemponya mtumishi wa akida akiwa mbali, bila hata kuingia nyumbani kwake, alikosa nini hata atumie vidole na mate? Hakukosa kitu. Aliyekosa ni yule kiziwi, maana hakuweza kusikia hata neno moja la yale waliyosema juu yake. Waliomleta walisema, makutano wakasema, wote wakasema, naye amesimama katikati yao kama mti. Hajui wanamtakia nini. Basi Bwana akasema naye kwa lugha anayoiweza. Vidole masikioni: najua shida yako iko hapa. Mate na ulimi: na hapa pia. Macho juu: msaada unatoka kule. Pumzi nzito kifua kinapanda na kushuka, hilo nalo kiziwi analiona: mzigo wako nimeubeba na mimi. Mahubiri mazima yale yalikwisha kabla Efata haijatamkwa, na kiziwi aliyaelewa yote.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu, jina lake hatutaliandika. Ana mtoto mwanaume wa miaka 11 ambaye hasikii. Alizaliwa anasikia. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali, shingo ikakauka, akapata degedege, wakalala hospitali wiki nyingi. Alipotoka alikuwa mzima wa mwili, lakini akiitwa hageuki. Mtu yeyote aliyefanya kazi hospitali angetuambia kwamba homa ya uti wa mgongo inaweza kuondoa masikio ya mtoto namna hiyo, na surua vilevile. Sisi hatukuuliza. Tulimwombea. Tulimpeleka majini, tukafunga siku tatu, tukamwekea mikono wazee wote, tukapaza sauti. Mtoto alikuwa akitetemeka, maana aliona midomo mikubwa inafunguka juu ya uso wake na hakujua kama tunamkasirikia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtenga pembeni. Hakuna aliyemwonyesha sikio lake na kisha mbingu. Mbele ya kanisa lote tulimsimamisha, na mbele ya kanisa lote hakupona.

Baada ya mara ya tatu, mmoja wetu mwenye kazi ya unabii alisema kwamba mtoto amefungwa, na aliyemfunga analala katika lupango ile ile. Alisema hayo tu. Hakumtaja mtu. Lakini aliposema, alinyosha kidole, na kidole kilielekea kwenye benchi walipokaa mama, mtoto, na nkambo yake, mama mzee mjane.

Wandugu, tunaandika jambo hili kwa haya. Tangu siku ile hakuna mtu kati yetu aliyetamka neno bulozi. Hakukuwa na haja. Mama mmoja alisogea kidogo kwenye benchi, akaweka kitambaa chake katikati. Mwingine alimvuta mtoto wake kwa nguo asicheze na yule. Kwenye bomba la maji, walipofika, mazungumzo yalikatika, halafu yakaanza tena walipogeuka mgongo. Mikono ya salamu ikawa mifupi. Bukari iliyoletwa na nkambo kwenye chakula cha kanisa ilirudi nyumbani jinsi ilivyokuja, na hakuna aliyesema haitaki. Yote yalisemwa bila mdomo, na yalisemwa vizuri sana, hata mtu mgeni angeelewa.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa bulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaliadhibu jambo hilo. Ni sheria nzuri, tuzijue na tuziheshimu. Lakini sheria inakamata neno lililosemwa. Jicho nani atalipeleka tribinali? Kitambaa kilichowekwa katikati ya benchi nani atakiandikia hati? Mithali, mlango wa 6, inamtaja mtu mbaya ambaye anakonyeza kwa macho, anasema kwa miguu, anafundisha kwa vidole. Tulikuwa tunausoma mstari ule tukifikiri ni habari za wezi wa sokoni.

Na aliyesoma yote hayo kuliko mtu yeyote ni yule mtoto. Sisi wenye kusikia tunadanganywa na maneno: mtu akituambia bwana asifiwe kwa sauti tamu, hatuangalii tena uso wake. Kiziwi hana kitu kingine isipokuwa uso. Macho yake ndiyo masikio yake. Katika kanisa zima, yeye peke yake hakukosa hata neno moja la yale tuliyomwambia kwa kimya.

Eli kuhani naye alikosea kusoma. Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 1, Hana anaomba moyoni, midomo inacheza na sauti haisikiki, na Eli aliyekaa kwenye mwimo wa mlango wa hekalu anamwangalia na kusema ndani yake kwamba mwanamke huyu amelewa. Kuhani mkuu! Mtu wa miaka mingi katika kazi! Aliona midomo, hakuona machozi. Lakini Eli alifanya jambo moja ambalo sisi hatukufanya: alimwuliza mwenyewe, hata kama ni kwa ukali, na Hana akapata nafasi ya kujibu. Mtoto wetu hakuulizwa, kwa sababu tulisema, huyu ataulizwa kwa lugha gani?

Ndiyo maana mwezi wa tano, nkambo alipofariki, tuliona aibu kubwa. Kilio kilikuwa kwenye lupango yao. Tulikwenda, maana kutokwenda kungekuwa kusema jambo zito kuliko kwenda. Mnajua desturi yetu ya hapa Katanga: ukifika kwenye kilio huanzi kusema. Unavua viatu, unakaa chini, wamama kwenye mikeka ndani, wababa nje kwenye moto, unanyamaza. Ukikaa usiku mzima bila neno, umesema yote. Marafiki wa Yobu walifanya hivyo siku saba mchana na usiku, na walifanya vema. Walianza kuharibu siku walipofungua midomo. Sisi tuliharibu mapema zaidi. Tulisimama, tukahutubu, mmoja baada ya mwingine, karibu hata saa sita ya usiku, tukimsifu marehemu ambaye bukari yake tuliirudisha.

Mtoto alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakulia. Alishika kitambala cha kichwa cha nkambo, na mara kwa mara alifanya alama kwa mkono wake wa kuume: vidole nyuma ya kichwa kama anayefunga fundo. Alifanya, anangoja, anafanya tena. Tuliuliza mama yake, mtoto anafanya nini. Akasema: anamwita. Ndilo jina la nkambo yake. Anaona watu wengi wamekuja na yeye hatoki kuwasalimu.

Wandugu, hapo hotuba zilikwisha.

Baada ya siku za kilio tulikwenda wazee wanne kuomba msamaha kwa mama yule. Hatukwenda na Biblia mkononi, tulikwenda na unga na makala. Tulipiga magoti, tukapiga makofi polepole kama wazee wetu Baluba wanavyomsalimu mtu wa heshima. Mama alilia, kisha akatuketisha. Na hapo ndipo tulipojifunza kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na lugha nzima ambayo hatukuijua. Nkambo na mtoto waliitengeneza wenyewe kidogo kidogo, miaka minane. Bukari ni vidole vinavyofinyanga tonge. Makala ni kidole kinachofuta shavu. Baba, ambaye anafanya kazi ya matofali, ni mikono miwili inayokandamiza udongo kwenye kinu. Mvua, deni, njaa, kesho, mbwa wa jirani, vyote vina alama yake. Tuliuliza: na kanisa? Mtoto aligusa kisigino akafanya kama anavua kiatu, kwa sababu sisi tunaingia mahali patakatifu miguu mitupu. Tulifurahi sana. Basi mmoja wetu, yule yule mwenye kazi ya unabii, akauliza kwa kucheka: na mimi ananiitaje?

Mama hakutaka kusema. Mtoto alikuwa ameelewa ulizo kwa macho tu. Akanyosha mkono, kidole kimoja mbele, moja kwa moja.

Tulicheka kwanza. Halafu tukanyamaza. Ndugu yetu aliinamisha kichwa, na tukatoka nyumbani mle bila kuagana vizuri. Yeye mwenyewe ametuomba jambo hili liandikwe hapa, tena liandikwe bila kupunguzwa.

Tangu hapo tumekuwa tukitafakari namna gani watu wanashikana bila maneno, na tumeona kwamba mji wetu wenyewe ni shahidi. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na watu waliletwa kuchimba shaba kutoka kila upande: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Mtu alilala chumba kimoja na mtu asiyejua lugha yake. Kabla Kiswahili chetu hiki cha mji hakijakomaa, nani aliwapatanisha? Mikono. Sahani moja ya bukari, vidole vya makabila matano. Kukaribisha mtu ilikuwa ni kusogea kwenye benchi, si kama tulivyosogea sisi. Na wazee wa Baluba tangu zamani walikuwa na lukasa, kibao cha mbao chenye shanga, ambacho watu wa chama cha Mbudye walikisoma kwa kugusa na vidole, wakikumbuka habari za wafalme na safari zao. Kwa hiyo tusiseme kwamba kusema kwa mkono ni jambo geni kwetu.

Tena katika mji huu huu aliishi Simon Kimbangu. Mahubiri yake kwa watu yalianza tarehe 6 Aprili 1921, na tarehe 12 Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Miezi mitano na siku chache. Korti ya Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa huku, mbali na Nkamba, kati ya watu wasiojua Kikongo chake. Alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, hapa hapa mjini kwetu. Pigeni hesabu wenyewe: miezi mitano ya kusema, miaka 30 ya kunyamazishwa. Serikali ya wakoloni ilifikiri kwamba ukimtenga mtu na wale wanaosikia lugha yake, umemziba. Lakini kanisa lililotoka kwake likatambuliwa tarehe 24 Desemba 1959, na halikujengwa na hotuba za gerezani. Watu walisoma kitu kimoja tu, kwamba yuko kule na hajakana. Sisi wahubiri wa kila Sabato na kila Jumapili, wenye vipaza sauti hata umeme ukikatika, tukumbuke hesabu ile.

Wengine watatuuliza: je, wazee wameacha kuamini uponyaji? Hapana. Tutaendelea kumwombea mtoto, na tunaamini Mungu anaweza. Lakini tumeona kwamba Bwana hakungoja kiziwi apone ndipo aseme naye. Alisema naye kwanza, akiwa bado kiziwi. Sisi tulimwambia mtoto kwa matendo yetu: pona kwanza, kisha tutaongea nawe. Hiyo si imani. Na wanafunzi walipouliza juu ya yule kipofu katika Yohana, mlango wa 9, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa ulizo lenyewe. Sisi tulilirudisha tena miaka elfu mbili baadaye, kwa kidole.

Zakaria, baba ya Yohana Mbatizaji, alipokuwa hana sauti, jirani na ndugu walimwuliza kwa kumpungia mikono mtoto aitwe nani, wakamletea kibao cha kuandikia, wakangoja (Luka, mlango wa 1). Watu wa kijiji cha milimani, hawakuwa wanatheolojia. Walijua tu kwamba baba ndiye mwenye haki ya kutaja jina, awe na sauti au asiwe nayo.

Tumejifunza pia habari za ndugu Andrew Foster, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa Alabama mwaka 1925. Alipokuwa na miaka 11, umri ule ule wa mtoto wetu, homa ya uti wa mgongo ilimwondolea masikio. Mwaka 1954 alimaliza chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada pale. Kisha akaja Afrika na Injili mikononi, tunasema mikononi kweli kweli. Mwaka 1957 alifungua masomo ya viziwi huko Accra, na mpaka alipofariki kwenye ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa ameanzisha masomo 31 katika nchi 13, na nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ni mojawapo. Watoto waliofungiwa nyumbani, walioitwa wajinga au waliolaaniwa, walijifunza kusoma, kuhesabu na kusali. Lugha ile ya alama si michezo ya mikono. Ina maneno yake na sarufi yake, na mtu anaweza kuhubiri nayo, kugombana nayo, kuchumbia nayo. Mungu anaelewa.

Wamama watatu wa koro wamekwisha kuanza kwenda nyumbani kwa mama yule siku ya Jumatano jioni. Mmoja alirudi akisema vidole vyake ni vizee, vinakataa. Mtoto alimcheka sana, akamshika mkono akampanga kidole kwa kidole. Hiyo ni mara ya kwanza tunasikia kwamba amecheka mbele ya mtu wa kanisa. Ndugu yetu mwenye kazi ya unabii anakwenda pia. Anakaa nyuma. Alama ya jina lake haijabadilika, na hatujamwomba mtoto aibadilishe.

Sasa matangazo yanayohusu mafundisho haya. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tisa ya alasiri, tutajifunza alama kwenye uwanja wa kanisa, chini ya muembe. Mama atafundisha zile za nyumbani kwake, na kijana mmoja aliyesoma masomo ya viziwi mjini atafundisha zile za lugha yenyewe, ili mtoto naye azipate na aweze kusemezana na viziwi wenzake. Mashemasi wote waje, na wapokea wageni wa mlangoni wasikose hata mmoja. Siku ya ibada mtoto atakaa mbele, mahali anapoona uso wa anayehubiri, na anayehubiri asifunike mdomo na karatasi. Tunajua kwamba hapa Naviundu, na upande wa Ruashi, kuna malupango mengine ambamo mtoto asiyesikia anafichwa wageni wakija. Mje naye. Tutakaa chini, kwa hiyo kila mmoja alete mkeka wake.